Mpangilio wa Awali wa Kibodi katika Mfumo wa X na Nafasi ya Kiswahili cha Kongo

1. Utangulizi

Wataalamu wa lugha wamezoea kuhakiki kamusi, sarufi na vitabu vya shule. Ni mara chache wanapohakiki yale maneno machache ambayo kompyuta huyasoma kabla mtumiaji hajaandika herufi yake ya kwanza. Hata hivyo, maneno hayo yana uzito. Ndiyo yanayoamua kama kitufe fulani kitatoa a au q, kama ritifaa itaandikwa kwa mguso mmoja au itamezwa na irabu inayoifuata, na kama lugha fulani itatajwa katika orodha au itaachwa nje. Uamuzi huo, unapofanywa kwa niaba ya mtumiaji ambaye hajasema lolote, ndio unaoitwa hapa mpangilio wa awali.

Makala haya yanachunguza mpangilio wa awali wa kibodi katika mfumo wa X, yaani programu inayochora madirisha kwenye skrini na kupokea vitufe na kipanya katika mifumo huria ya uendeshaji kama vile Debian na FreeBSD. Hoja kuu ni hii: X imejengwa kwa busara kubwa kuhusu vitufe, lakini orodha ya majina inayoandamana nayo inachanganya mambo matatu yasiyo sawa, yaani lugha, nchi, na mahali pa herufi kwenye kibodi. Mwandishi wa Kiswahili nchini Kongo ni miongoni mwa wanaolipa gharama ya mchanganyiko huo.

2. Asili ya mfumo

X ilianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, ndani ya mradi ulioitwa Athena. Toleo la 11 lilitoka mwaka 1987, nalo ndilo lililoupa mfumo jina la X11 ambalo limedumu. Kwa miaka mingi kompyuta za kawaida zenye mifumo huria zilitumia nakala iliyoitwa XFree86. Mwaka 2004, baada ya mabishano kuhusu leseni, watunzaji wengi walihamia X.Org.

Katika miaka ya mwanzo, aliyetaka kubadili herufi za kibodi alihariri jedwali la vitufe kimoja baada ya kingine kwa amri ya xmodmap. Mwaka 1996 kiendelezi kiitwacho XKB kilileta utaratibu mpya: mtumiaji anataja jina la mpangilio, na mfumo wenyewe unajenga jedwali lote. Majina hayo na mipangilio yake hutunzwa na mradi wa xkeyboard-config. Hata Wayland, iliyoanzishwa mwaka 2008 na ambayo imeshika nafasi ya X katika kompyuta nyingi, inatumia orodha hiyo hiyo. Kwa hiyo uhakiki wa orodha hiyo unahusu pia mfumo unaokuja.

3. Maneno matano

Mpangilio wa kibodi katika X hutajwa kwa maneno matano. XkbRules ni kanuni zinazomwongoza mfasiri wa ndani. XkbModel ni umbo la kibodi yenyewe, kwa mfano pc105, kibodi ya vitufe 105. XkbLayout ni mpangilio wa herufi. XkbVariant ni sura mojawapo ya mpangilio huo, na mwanaisimu angeweza kuiita lahaja yake. XkbOptions ni nyongeza, kama vile kitufe cha kuhamia mpangilio mwingine.

Utengano huu unastahili sifa. Unatambua kwamba kitufe si herufi. Kitufe ni mahali tu, na herufi ni thamani inayopewa mahali hapo. Mwanafunzi wa fonolojia hatashangazwa na wazo hilo, kwani naye hufundishwa kutenga sauti inayotamkwa na nafasi yake katika mfumo wa lugha.

Upungufu unaanza pale maneno hayo yanapoachwa wazi. Asipotaja mtu lolote, seva ya X.Org hujaza yenyewe: umbo ni pc105, na mpangilio ni us, yaani wa Marekani. Sababu ya kihistoria inaeleweka, kwa kuwa mfumo ulizaliwa huko. Lakini thamani iliyotokana na mahali pa kuzaliwa sasa inatolewa kama thamani isiyo na mahali. Anayetumia us hatakiwi kusema neno. Wengine wote wanatakiwa kujieleza.

4. Mpangilio wa awali usipolingana na mashine

Kompyuta huingia Kongo kwa njia nyingi. Nyingine zimetoka Ubelgiji au Ufaransa na zina kibodi ya AZERTY. Nyingine zimepitia Dubai au Afrika Kusini na zina QWERTY. Katika chumba kimoja mtu anaweza kuzikuta zote mbili.

Tuseme mashine ya AZERTY imewekewa mfumo huria na mpangilio ukabaki us. Mtumiaji anafuata herufi zilizochapwa juu ya vitufe na kuandika neno mwalimu. Kwenye skrini linatokea ;zqli;u. Anaandika mama, anapata ;q;q. Makosa hayo yana utaratibu kamili: kitufe chenye m kipo mahali ambapo us huweka nukta-mkato, chenye w kipo mahali pa z, na chenye a kipo mahali pa q. Kwa lugha nyingine hasara hiyo ingekuwa ndogo zaidi. Katika Kiswahili, a na m hazikosekani karibu katika sentensi yoyote, kwa sababu ya viambishi vya ngeli na vya nafsi pamoja na kiishio cha kitenzi.

Tarakimu nazo hupotea. Kwenye AZERTY, tarakimu za safu ya juu huandikwa pamoja na kitufe cha Shift. Anayeandika 1996 kwa desturi hiyo, huku mfumo ukiamini kuwa kibodi ni ya Marekani, atapata !((^. Kosa likitokea ndani ya barua, mtu huliona na kulisahihisha. Likitokea katika neno la siri, halionekani, kwa sababu sehemu hiyo ya skrini huonyesha vitone tu. Mtumiaji anakataliwa, anajaribu tena, anakataliwa tena, na mwishowe anaamini kwamba amesahau neno lake mwenyewe. Hajasahau. Ameliandika sawasawa kwa vidole, na mashine ikalisoma kwa kibodi ya nchi nyingine.

Hapa ndipo inapoonekana tofauti kati ya kubadili mpangilio na kuweka mpangilio wa awali. Amri ya setxkbmap fr hurekebisha kibodi papo hapo, na watu wengi huishia hapo. Lakini amri hiyo ina nguvu katika kikao kinachoendelea tu. Haifiki kwenye ukurasa wa kuingilia, ambao huonekana kabla ya kikao kuanza. Tena, kibodi ya nje ikichomolewa na kuchomekwa upya, hurudia thamani ya awali ya seva. Msaidizi wa maabara anayetegemea setxkbmap anatibu dalili kila asubuhi.

Tiba yenyewe imo katika faili la mfumo mzima. Katika Debian, umbo, mpangilio, lahaja na nyongeza huandikwa katika /etc/default/keyboard, na amri ya dpkg-reconfigure keyboard-configuration huuliza maswali na kulijaza. Faida yake ni kwamba faili hilo hilo hutumika pia kwa skrini ya maandishi matupu, ile isiyo na madirisha. Katika FreeBSD mambo hayo mawili yametengana: mpangilio uliochaguliwa wakati wa kusakinisha huandikwa katika rc.conf kwa ajili ya skrini ya maandishi, na X haiarifiwi. Mtumiaji huweza kuandika vizuri kabla ya kufungua madirisha, kisha akashangaa a kugeuka q mara madirisha yanapofunguka. Kwa X, FreeBSD inahitaji faili dogo ndani ya /usr/local/etc/X11/xorg.conf.d, kwa mfano:

Section "InputClass"
    Identifier "kibodi za maabara"
    MatchIsKeyboard "on"
    Option "XkbLayout" "fr"
EndSection

Sehemu hii ya InputClass, iliyoingia katika X.Org mwaka 2010, ina ubora ambao haujatumiwa ipasavyo. Inaruhusu sharti kuwekwa kwa jina la kifaa. Mashine moja inaweza kuwa na fr kwa kibodi yake ya ndani na us kwa kibodi ya nje iliyonunuliwa baadaye. Kwa mazingira ya Kongo, ambako vifaa vimechanganyika, huu ndio mtazamo sahihi: mpangilio wa awali ufuate kitu kilichopo mezani, wala usifuate bendera.

5. Jina la lugha na jina la nchi

Yaliyosemwa hadi hapa yanahusu utendaji, na utendaji una tiba. Tatizo la majina ni gumu zaidi, nalo ndilo linalohusu taaluma ya Kiswahili moja kwa moja.

Anayefungua orodha ya mipangilio akitafuta Kiswahili atakikuta mara mbili: Kiswahili cha Kenya, chenye alama ke, na Kiswahili cha Tanzania, chenye alama tz. Akitafuta Kongo, atakuta ingizo lenye alama cd, ambalo jina lake lionekanalo ni Kifaransa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msomaji wa orodha asiyeijua nchi ataondoka na picha mbili: kwamba Kiswahili kinaishia Ziwa Tanganyika, na kwamba Wakongo huandika Kifaransa peke yake. Picha zote mbili ni za uongo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3 nacho kimekipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc.

Inaweza kudaiwa kwamba orodha inafuata lugha rasmi ya kila nchi. Ushahidi unakataa. Ingizo la Mali lina jina la Kibambara, na la Senegali lina jina la Kiwolofu, na yote mawili yaliingizwa kwa majina hayo wakati Kifaransa kilikuwa lugha rasmi ya nchi hizo. Nijeria ina Kiingereza kama jina kuu, lakini chini yake kuna lahaja za Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba. Kenya ina Kikuyu chini ya Kiswahili. Kwa hiyo hakuna kanuni moja inayotawala. Orodha imejengwa na waliojitokeza: penye mtu aliyeandika faili na kulipeleka, lugha ina jina, pasipo na mtu, haina. Hilo si kosa la nia mbaya. Ni tabia ya kazi ya kujitolea, na ni lawama kwa vyuo vikuu kuliko kwa wahandisi.

Mfano wa kufuatwa upo jirani. Kameruni, nchi yenye lugha nyingi mno, ina ingizo lenye jina la lugha nyingi za Kameruni kwa QWERTY, na lipo jingine kwa AZERTY. Jina hilo linaeleza mambo ambayo jina la Kiswahili cha Kenya halielezi: kwamba lugha nyingi zinaweza kutumia kibodi moja, na kwamba mtumiaji anahitaji kujua herufi ziko wapi. Mtu wa Bukavu au Kalemie mwenye mashine ya AZERTY, akichagua Kiswahili kwa sababu ndicho anachoandika, hakuna neno katika jina hilo linalomwonya kwamba a yake huenda isiwe pale anapoiona.

Wapo watakaofikiri kwamba suluhisho ni kuipa kila lugha mpangilio wake. Hilo halifai. XKB hukubali mipangilio isiyozidi minne kwa wakati mmoja, na Kongo ina lugha rasmi moja na lugha za taifa nne. Zaidi ya hayo, mtu anayeandika barua yenye Kiswahili na Kifaransa katika aya moja hawezi kubonyeza kitufe cha kuhama kila baada ya maneno matatu. Lugha hizi zote zinaandikwa kwa alfabeti ya Kilatini, na mpangilio mmoja uliofikiriwa vizuri unazitosha. Kinachotakiwa ni mpangilio wa nchi wenye jina linalokiri lugha zake.

6. Ritifaa kama kipimo

Mtu anaweza kujibu kwamba jina halina maana kama herufi zinapatikana, na kwamba fr inatosha kwa Kiswahili. Kwa herufi, jibu hilo lina nguvu. Kiswahili hakihitaji herufi yoyote nje ya zile ishirini na sita, na hata q na x hakizitumii katika maneno yake ya kawaida. Lakini kipo kipengele kimoja kinachopima uelewa wa mpangilio wowote kuhusu Kiswahili, nacho ni ritifaa ya ng'. Ngoa, yaani tamaa au wivu, si ng'oa. Ritifaa hapa si mapambo. Ni sehemu ya tahajia ya fonimu.

Kwenye fr na kwenye mpangilio wa Ubelgiji, ritifaa imo kwenye kitufe cha 4, bila Shift, na hutoka mara moja. Kwenye us ya kawaida pia hutoka bila shida. Matatizo huanza kwa mwenye QWERTY anayetaka kuandika Kifaransa na Kiswahili pamoja. Mtu huyo hushauriwa mara kwa mara kuchagua lahaja ya intl ya us, kwa kuwa inampa é na à. Katika lahaja hiyo, kitufe cha ritifaa hukaa kimya kikisubiri irabu, kisha huigeuza. Ng'ombe anakuwa ngómbe, ng'oa inakuwa ngóa, na ng'ang'ania inakuwa ngángánia. Mfumo umeichukulia ritifaa kuwa mtumishi wa irabu za Ulaya. Ili aipate, mwandishi hana budi kubonyeza nafasi baada yake, au AltGr pamoja nayo, kila mara.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa imo katika orodha hiyo hiyo. Lahaja ya altgr-intl inaiacha ritifaa ikiwa hai, na é hupatikana kwa AltGr pamoja na e, huku alama nyingine za Kifaransa zikipatikana kwa njia ya AltGr vilevile. Kwa Mkongo mwenye QWERTY, hii ndiyo thamani ya awali iliyo bora. Lakini hakuna maelezo yanayomwongoza, kwa sababu jina lake halitaji Kifaransa wala Kiswahili. Linasema Kiingereza.

Athari zake hazikomi kwenye uandishi. Wanaokusanya matini za Kiswahili kwa ajili ya utafiti wanajua kwamba programu nyingi hukata maneno penye alama za uakifishaji. Ritifaa ya kawaida huhesabiwa kuwa alama kama hizo, kwa hiyo ng'ombe huweza kuhesabiwa kuwa maneno mawili, ng na ombe. Katika Unicode ipo alama nyingine, U+02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi na ingeepusha mkasa huo. Hata hivyo, nusu ya waandishi wakitumia moja na nusu nyingine, utafutaji wa neno moja utaleta nusu ya mifano. Uamuzi kuhusu ritifaa ipi iwe kwenye kitufe gani ni uamuzi wa kiothografia. Usipofanywa na wenye lugha, utafanywa na kibodi.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba X yenyewe haikizuii Kiswahili. Inatenga kitufe na herufi, inakubali lahaja, inaruhusu kila kifaa kiwe na mpangilio wake, na yeyote anaweza kusoma na kusahihisha mafaili yake. Upungufu uko katika thamani ya awali iliyorithiwa bila kuhojiwa, na katika majina yaliyotolewa bila kanuni.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri fedha wala amri. Kwanza, maabara za vyuo ziache kutegemea setxkbmap na ziandike mpangilio katika faili la mfumo, kulingana na kibodi iliyopo. Pili, walimu wa Kiswahili waafikiane kuhusu ritifaa, kwa kuwa hakuna mhandisi atakayeafikiana kwa niaba yao. Tatu, ipelekwe kwa xkeyboard-config rai ya kulibadili jina la ingizo la cd au kuliongezea lahaja yenye kutaja lugha za taifa, kwa mfano wa Kameruni. Njia hiyo si ya kubahatisha. Ufaransa ilipotangaza kiwango kipya cha kibodi yake mwezi Aprili 2019, kiliingizwa katika orodha hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Ufaransa ilikuwa imekwisha kuandika inachokitaka.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kompyuta imekuja, na mwenyeji bado anaandika kwa kibodi iliyoitwa kwa jina la lugha nyingine. Faili la kulirekebisha hilo halizidi kurasa mbili. Linasubiri watu wanaojua Kiswahili cha Kongo kinaandikwaje.